Kipimo cha Kivuli

"Rudi ndani kidogo, Mama Pacha. Hapo umetoka nje."

Mama Pacha akavuta makalio nyuma. Msanifu akapita mbele ya vidole vya miguu yake na kopo la chokaa, akamwaga mstari mweupe, akaenda kwa mwanamke aliyefuata. Wanawake thelathini na kitu walikuwa wamekaa chini kwenye uwanja wa zahanati, na yeye alikuwa akiwazungushia mstari kama fundi cherehani anayekata gauni.

"Saa tatu hiyo," alisema fundi viatu wa hapo uwanjani, akabeba meza yake kichwani. "Haya, twende."

Wote wakainuka, wakasogea hatua nne, wakakaa tena. Hakuna aliyeuliza akae wapi. Miaka yote ya kliniki, kila saa, walisogea hivyo hivyo, mpaka ardhi yenyewe ilikuwa imesuguliwa ikang'aa.

Msanifu akaanza mstari wa pili.

Kazi yake ilikuwa kupanga viwanja na bustani: njia ipite wapi, maua yakae wapi, mtu aliyechoka akae wapi. Kazi yake nyingine ilikuwa kuchora picha, na hiyo ndiyo iliyomponza.

Mkandarasi alikuwa amepewa ruhusa ya kuuondoa mkuyu wa zahanati ili apitishe njia ya magari. Msanifu aliingiza sharti moja kwenye mkataba: kivuli kinachoondoka kirudi kama paa, mita kwa mita. Kipimo akichukue msanifu, hapo uwanjani, mbele ya afisa wa ujenzi, kabla ya wiki kwisha. Pasipo kipimo, hakuna paa, na wajawazito watangoja juani mpaka watakapozaa.

Wiki ilikuwa inakwisha leo. Afisa alisema angefika saa sita.

"Wifi, kunywa maji." Muuguzi mkuu, dada wa mumewe, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe.

"Nikinywa, saa nne itanipita."

"Saa nne ina miguu? Kunywa! Hujakaa tangu asubuhi, unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia."

Akanywa akiwa anatembea.

"Ungekuja Jumatatu nilipokuambia," alisema wifi yake.

"Najua."

"Na yale mapicha yako? Si umewachora hawa miaka minne? Mwonyeshe afisa."

"Nimechora nyuso, wifi. Nyuso na miguu. Mahali kivuli kilipoishia sikupachora hata mara moja."

Jumatatu nzima alijifungia chumbani akitafuta rangi ya kisigino kimoja. Kisigino kilitoka vizuri sana. Sasa hataki hata kukikumbuka.

"Pacha wangu wanalia?" Mama Pacha aliuliza kwa sauti kutoka uwanjani.

"Wamelala," muuguzi alimjibu. "Vichanga vyote viko kwangu ndani. Mmoja nimemlaza kwenye mizani, na amenikojolea."

Kicheko kikazunguka uwanja mzima. Fundi viatu alicheka mpaka kofia ikamwangukia machoni.

"Fundi, kofia ya leo ni ya nini?" Mama Pacha alimchokoza.

"Nimeamua kupendeza. Au una wivu?"

Saa nne. Wakasogea. Saa tano. Wakasogea tena, wakaifikia mizizi. Binti mwenye mimba kubwa alishika kiuno.

"Dada, mgongo unaniua."

"Saa moja tu, mdogo wangu. Nivumilie saa moja tu."

"Mwanangu akizaliwa mweupe kwa chokaa, wewe ndiye utakayemweleza baba yake."

Kando ya uwanja, mkandarasi alikuwa amejifungia ndani ya gari lake, vioo juu, injini inaunguruma. Alishusha kioo nusu.

"Mama Chokaa! Unapima kivuli au unafundisha kwata?"

"Napima."

"Pima, mama. Namngoja afisa tucheke wote." Kioo kikapanda.

Msanifu alijipangusa paji la uso. Chokaa ikamwingia jichoni, akaendelea na jicho moja.

Afisa alifika saa sita na dakika tano, watu wameshasogea tena na mstari wa tano umeshamwagwa. Hakucheka. Aliipitia mistari yote mitano, akavuta utepe huku na huku, akaandika. Kisha akasimama mbele ya Mama Pacha.

"Kwa nini usikae kule ukutani?"

"Kule saa sita ni jua tupu, bwana afisa. Kule watu hukaa saa mbili asubuhi."

"Na wewe, fundi?"

"Mimi saa sita huwa hapa." Fundi aliinua meza yake, akamwonyesha mashimo manne ardhini, akaishusha. Miguu minne ikaingia kwenye mashimo manne bila kutafuta. "Mwaka wa kumi na moja huu."

Afisa akaandika tena. Akapiga hesabu pembeni mwa karatasi, akatoa kalamu nyingine, ile ya saini.

Mkandarasi alitoka kwenye gari mbio, mlango ukabaki wazi.

"Afisa, unaandika nini? Hapa hakuna kivuli! Huoni? Watu wote hawa wamekaa juani!"

"Tangu lini?" afisa aliuliza.

Mkandarasi akarudi kuufunga mlango wa gari.

Afisa akawapita wanawake mmoja mmoja mpaka katikati ya mistari, akakalia kisiki cha mkuyu, ambacho utomvu wake ulikuwa bado haujakauka, akaiweka karatasi gotini, akatia saini.