Paa Afunga Nyungo Miguuni

Paa alikuwa na mwendo wa madaha, na alijua. Basi theluji ilipofunika mlima wao, akakaa ndani, akala, akanenepa. Akaamua kutembea ili apungue, lakini kwato zake nyembamba zilizama mpaka magotini. Akafunga ungo chini ya kila mguu. Kuzama hakuzama tena, ila kwa vile alibana miguu kwa maringo, ungo ulikanyaga ungo, naye akaanguka kifudifudi. Akainuka, akaanguka tena.

Bata akatokea, anatembea juu ya theluji upande upande, kama kawaida yake.

"Shoga," Paa akalia, "wewe unafanyaje?"

"Natanua miguu. Niige tu, kama ulivyoniiga kwenye harusi ya Kanga, watu wakacheka mpaka machozi."

Paa akainamisha kichwa. "Nisamehe, shoga."

"Iga kwanza."

Paa akatanua miguu, akayumba huku na huku, na nyungo hazikugusana tena. Wakatembea mpaka akatokwa jasho.

"Haya, ona!" Bata akasema. "Siku zote mimi nanuna, nadhani unanicheka, kumbe mwenzangu ulikuwa unafanya mazoezi."