Mlinzi wa Viatu

Ngoma ilipokolea, wanawake walivua viatu na kuviacha miguuni pa Tunu pale barazani, kama walivyozoea tangu utotoni. Wakati ule wenzake walipocheza rede, yeye, aliyezaliwa na tundu kwenye moyo, aliketi barazani akilinda ndala zao. Alizijua zote. Za Mishi zilifungwa kwa waya, za Chausiku zililika upande mmoja.

"Mlinzi, mshahara wako ukoko wa pilau!" Mishi alimtania, akirusha kiatu cha pili.

Tunu alicheka, kisha akainamisha uso. "Daktari kaniruhusu kucheza. Tangu wiki iliyopita."

Mishi aliganda. "Na umekaa tu hapo?"

"Naogopa, shoga. Moyo huu nimeubembeleza maisha yangu yote. Sijui hata naanzaje."

Mishi alichuchumaa mbele yake. "Anza na viatu."

Tunu alivivua polepole. Vilikuwa vya zamani, lakini soli zake zilikuwa kama mpya. Akaviweka juu ya vya wenzake, akajishika kifua, akaufuata mkono wa Mishi hadi katikati ya duara.

Barazani lundo la viatu lilibaki peke yake, vya juu vikiwa bado na joto.