Ukuta wa Bi Mwanaidi

Sheria ilimtaka kila fundi wa programu ashinde kutwa nyumbani kwake, kitambaa machoni, kabla ya kuachia toleo jipya. Maana siku hizi hakuna swichi wala kitasa: mlango, bomba na jiko la gesi huendeshwa kwa kugusa ukuta unaosema. Fundi mmoja, jina lake Sikudhani, alivumilia saa moja tu, akakitupa kitambaa, akasaini kwamba amemaliza siku.

Leo toleo lake limeingia kila nyumba. Mama yake, Bi Mwanaidi, asiyeona tangu ujana, akapiga simu.

“Mwanangu, ukuta huu una nini? Kila nikigusa unasema ‘kitufe’ tu, hausemi cha nini.”

“Usiguse tena, mama! Toka nje!”

“Nimeshagusa vinne. Mlango haujafunguka, ila jiko nalisikia linapumua.”