Kisima Kilichoshinda Kura

Tumeshinda! Tangu majibu ya maabara yaanze kupigiwa kura, chama chetu hakijapata ushindi mtamu kama huu: maji ya kisima cha mtaa wetu yametangazwa safi, kwa kura za kishindo! Nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka. Mume wangu Kihwelo, kiongozi wa kampeni, aliletwa nyumbani amebebwa mabegani.

"Mama Neema, tuletee ya kisimani tunywe!" majirani wakashangilia.

Nikajaza glasi. Kihwelo akainua yake, kisha akaishusha. "Wageni kwanza," akasema huku akicheka.

Wakanywa. Binti yetu Neema naye akanyoosha mkono. Kihwelo akaudaka, akaninong'oneza, "Huyu mpe ya kuchemsha."

Yalikuwepo. Niliyachemsha asubuhi, kabla ya kwenda kupiga kura.