Kitambaa cha Bi Mosi

Betri ililia mara moja, ikajizima. Ndani ya mashine ya kutotolesha, taa ikazimika juu ya mayai ya Nambula, siku ile ile yalipoanza kupata nyufa.

Umeme wa mji ulikuwa umekatika. Tangu asubuhi betri hiyo kubwa ilikuwa ikichajiwa na sola ya juu ya bati, huku ikiendesha mashine. Nambula aliigusa: moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Kitambaa alichodarizi mama mkwe wake kilikuwa kimeifunika mpaka chini, matundu yote ya hewa yameziba.

Akakiondoa.

"Wee! Kitu cha thamani hakikai uchi sebuleni," alisema Bi Mosi, mama mkwe, kutoka kwenye kochi. "Wageni watasemaje?"

"Nisamehe, Mama. Inapokea umeme na kuutoa kwa pamoja. Lazima ipumue."

"Mbona redio yangu nimeifunika miaka yote na haijawahi kupumua?"

Nambula aliisogeza betri mbali na ukuta, akafungua dirisha, akaipepea kwa kipepeo cha jikoni mpaka ikapoa. Alipoiwasha, feni yake ikavuma na taa ikarudi.

Bi Mosi akaja kuchungulia, mdomo ameubenua. Yai moja likatikisika, likapasuka. Kifaranga kikatoka, kimelowa na kina hasira.

Bi Mosi akapiga kigelegele kilichotikisa vioo vya kabati.

"Lete kitambaa changu!" Akakitandika ndani ya beseni, maua juu, akakilaza kifaranga.

Kisha akaiendea redio yake, akageuka kuona kama anatazamwa, akainua kidogo pindo la kitambaa kilichoifunika.