Mrija wa Nazario

Vijana wa klabu ya baiskeli walipokuja kuomba njia ya kupita kwenye kilima chetu, pale Nyarusange, chungu cha pombe ya mtama walikitua mbele ya kaka yangu Nazario. Si mbele yangu.

Kwetu, anayeombwa ardhi ndiye anayefyonza kwanza kwa mrija. Akishafyonza, amekubali.

Nilisimama upande wangu wa ua wa minyaa. Nazario aliupanda mwenyewe niliporudi kutoka Tanzania, akanigawia nusu ya shamba la baba bila ugomvi. Lakini majirani bado wanasema kote ni kwa Nazario.

Kaka akauinamia mrija. Nikauma meno.

Midomo yake ikaugusa tu, kisha ikauachia. Akakibeba chungu, akazunguka ua, akakitua miguuni pangu.

"Njia inaanzia kwa mdogo wangu," akawaambia vijana. "Yeye ndiye wa kuombwa."

Wote wakanigeukia, wakitabasamu. Hata kwa wema alikuwa amenitangulia.

Mrija ulikuwa na unyevu wa mdomo wake. Nilifyonza mpaka ukakoroma chunguni. Kisha nikamtazama Nazario, nikasema, "Hapana. Hawapiti."