Biblia Juu ya Bendera

Mkono wa bwana harusi ulisita juu ya Biblia iliyolazwa kwenye bendera.

“Papa Burgumestre, mimi niko Muislamu,” alisema taratibu. “Bendera nitaishika.”

Aloys, mkuu wa komini, serikali ya mtaa, aliyekuwa akiwafungisha ndoa ofisini, aliitazama Biblia. Biblia ile aliitoa kwake nyumbani vita vilipoanza, ikakaa pale mezani hadi leo. Waislamu wangapi waliigusa shingo upande?

“Bila Biblia, hiyo iko ndoa gani?” alifoka mama wa bibi harusi.

“Maman, tutasali ku kanisa. Hapa iko komini ya watu wote,” Aloys alimjibu.

Akaiinua Biblia. Jua la dirishani lilikuwa limeipausha bendera nzima. Palipolala Biblia tu palibaki bluu kabisa, kama siku ilipotandikwa.

Mama alipatazama. Akasogea, akapanyoosha mkunjo kwa kiganja.

“Basi weka mukono, mukwe wangu.”